Uwezo, Sababu na Nia: Utamaduni wa Kimkakati wa Tanzania na Matumizi ya Nguvu za Kijeshi

Nchi mbili zinaweza kuwa na majeshi yanayokaribiana kwa ukubwa, mipaka iliyochorwa na wakoloni wale wale na majirani wasiopishana sana kwa ukorofi, na bado moja ikawa nyepesi kushika bunduki huku nyingine ikitafuta kwanza meza ya mazungumzo. Tofauti hiyo, ambayo hesabu ya vifaru na ndege peke yake haiwezi kuieleza, ndiyo iliyowafanya wataalamu wa masuala ya ulinzi wabuni dhana ya utamaduni wa kimkakati, yaani jumla ya imani, kumbukumbu, mazoea na lugha ambavyo viongozi wa nchi, makamanda wake na hata raia wake hurithishana kuhusu vita ni kitu gani, adui ni nani, nguvu zinafaa lini, na nani mwenye haki ya kuamuru zitumike.

Dhana yenyewe si kongwe. Ilianza kuvuma mwaka 1977, pale Jack Snyder alipoiandikia taasisi ya RAND ya Marekani ripoti kuhusu Wasovieti, akiwaonya wapangaji wa vita wa Washington kwamba wenzao wa Moscow hawakulazimika kuifikiria silaha ya nyuklia kama wao walivyoifikiria, kwa kuwa walikuwa na historia nyingine na malezi mengine ya kijeshi. Baada yake wataalamu waligawanyika. Colin Gray alishikilia kwamba utamaduni ni mazingira ambamo kila uamuzi huzaliwa, kwa hiyo hauwezi kutengwa na matendo yenyewe, ilhali Alastair Iain Johnston alijibu kwamba ukishaingiza matendo ndani ya maana ya utamaduni umejifungia mlango, kwani kila litakalotendwa litahesabiwa kuwa ushahidi wa utamaduni na hakuna litakaloweza kuupinga. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu Uchina ya enzi ya Ming, Johnston alionyesha kwamba nyuma ya maneno mazuri ya kupenda amani, yaliyonasibishwa na mafundisho ya Confucius, watawala walikuwa na imani nyingine iliyowaelekeza kushambulia kila walipojiona wana nguvu za kutosha. Funzo lake ni la kukumbukwa popote: nchi inaweza kuwa na utamaduni wa kusema na utamaduni wa kutenda, na mchambuzi asiyetenganisha viwili hivyo atageuka msemaji wa serikali bila kujijua.

Tanzania ni mfano unaofaa kuipima dhana hii, kwa sababu nchi iliyojijengea sifa ya kuwa kisiwa cha amani imewahi kuvuka mpaka, kuuteka mji mkuu wa jirani na kuiangusha serikali yake. Zaidi ya hayo, Mwalimu Julius Nyerere, alipowatangazia wananchi vita hivyo tarehe 2 Novemba 1978, aliufupisha mjadala mzima wa wataalamu katika maneno matatu ambayo Watanzania wa rika lile hawajayasahau: uwezo, sababu na nia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maneno hayo, ambayo kwa kawaida hukumbukwa kama hotuba ya kutia ari, yana faida pia kama chombo cha uchambuzi. Utamaduni wa kimkakati huumba sababu, maana ndio unaoamua kipi kinaweza kutamkwa hadharani kuwa kisa cha kupigana, na huumba sehemu kubwa ya nia. Uwezo hutoka kwingine, katika bajeti, viwanda vya wengine na ukubwa wa jeshi. Ambaye hatayatenganisha matatu hayo ataubebesha utamaduni mzigo usio wake.

Chimbuko la utamaduni huo si mababu wala vita vya Majimaji, ingawa vitabu vya shule hupenda kuunganisha nyuzi hizo. Chimbuko lake ni fadhaa ya wiki moja. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kikosi cha Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwaasi maofisa wao Waingereza wakidai mishahara bora na kutaka Waafrika wapewe vyeo, na maasi yakaenea hadi Tabora na Nachingwea. Serikali iliyokuwa na umri wa miaka miwili na mwezi mmoja ilijikuta haina hata bunduki moja ya kuitegemea, Rais akalazimika kujificha, na mwisho wake, tarehe 25 Januari, wanamaji wa Uingereza kutoka manowari ya Centaur walishushwa kwa helikopta kuwanyang'anya silaha askari wa nchi huru kwa ombi la serikali ya nchi hiyo huru. Fedheha haikuwa ndogo. Jeshi lilivunjwa lote, kikosi kutoka Nigeria kikaletwa kushika doria, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa jeshi jipya ambalo askari wake wengi wa mwanzo walitoka katika Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU.

Jina lililochaguliwa linaeleza mengi. Kwa Kiswahili ni Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Neno "ulinzi", linaloonekana katika tafsiri yake ya Kiingereza, halimo, na nafasi yake imekaliwa na mwananchi. Hofu iliyojenga JWTZ haikuwa kwanza hofu ya jirani bali hofu ya askari mwenyewe, na dawa iliyobuniwa ilikuwa kumfanya askari awe raia mwenye chama, mwenye kadi na mwenye kufundishwa siasa kambini, na wakati huo huo kumfanya raia awe nusu askari kupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililokuwa limeanzishwa mwaka 1963, na baadaye mgambo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotoka wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote nchini Uganda na miezi michache baada ya Wareno kuivamia Conakry nchini Guinea, ulilitia nguvu wazo hilo kwa kudai kwamba ulinzi wa mapinduzi ni kazi ya umma wote wala haiwezi kuachiwa jeshi la kudumu pekee. Mtu anaweza kuubeza ujamaa kwa mengi, lakini katika hili ulifanikiwa mahali ambapo majirani wengi walishindwa: tangu mwaka 1964 hakuna jeshi lililoiangusha serikali Dar es Salaam.

Upande wa nje, utamaduni huo ulijengwa juu ya viapo viwili vilivyokuwa vikisuguana tangu mwanzo. Cha kwanza kilikuwa kuheshimu mipaka, kwani azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwezi Julai 1964, la kuikubali mipaka iliyoachwa na wakoloni, lililetwa mkutanoni na Nyerere mwenyewe. Cha pili kilikuwa ukombozi, na kwa hicho Dar es Salaam ikawa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja huo, huku Kongwa na Nachingwea zikihifadhi kambi za wapigania uhuru waliokuja kujifunza silaha. Tanzania ilijilipia gharama za kiapo hiki mapema: mwezi Desemba 1965 ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ikajua inapoteza mkopo iliokuwa imeahidiwa. Msuguano wa viapo hivyo ulitulizwa kwa kanuni moja nyepesi, kwamba mpaka wa nchi huru hauguswi lakini mpaka wa mkoloni na kaburu hauna heshima, na kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri mpaka alipotokea mtawala wa nchi huru aliyewachinja watu wake kwa wingi ambao mkoloni wa zama zile hakuufikia.

Hapo ndipo mwaka 1972 unapokuwa na thamani kubwa kwa mchambuzi kuliko mwaka 1978, ingawa hakuna anayeuimba. Mwezi Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda waliokuwa wamehifadhiwa Tanzania walivuka mpaka wakaelekea Masaka na Mbarara, wakapigwa vibaya, na Amin akajibu kwa kuushambulia mji wa Bukoba kwa ndege. Kiongozi wa Tanzania alikuwa yule yule wa baadaye, adui alikuwa yule yule, na sababu ilikuwepo, kwa maana raia wa Tanzania waliuawa ndani ya mipaka yao. Hata hivyo jeshi halikuvuka, na mwezi Oktoba makubaliano yakatiwa saini Mogadishu. Kama utamaduni peke yake ungekuwa ndio unaoamua vita, vita vingepiganwa mwaka huo. Kilichopungua kilikuwa uwezo, kwani JWTZ ya wakati ule ilikuwa changa, ikiwa imetoka kufunzwa na Wakanada na kuanza kupokea silaha na wakufunzi wa Kichina, na nia isiyo na uwezo ilipita njia ya kando, yaani njia ya kuwatuma wengine.

Miaka sita baadaye mizani ilikuwa imebadilika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliivamia ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, wakaua, wakaswaga ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, na mapema Novemba wakalibomoa daraja la Kyaka wakiamini kwamba mto ungewalinda. Amin alitangaza kwamba mpaka mpya ni huo. Nchi yoyote iliyonyang'anywa ardhi ya ukubwa huo ingejaribu kuirudisha, iwe ya kijamaa au ya kibepari, na kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya vita, ile ya kuvuka kwa daraja la muda na kuikomboa Kagera kabla ya mwaka kwisha, haihitaji nadharia ya utamaduni hata kidogo. Nadharia inaanza kuhitajika katika mambo yaliyofuata.

La kwanza ni namna watu walivyokusanywa. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuka katika miezi michache likapita 100,000, kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, na malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yakachukuliwa kusafirisha mizigo kwenda Bukoba. Mbegu iliyopandwa baada ya maasi ya Colito kwa nia ya kulizuia jeshi lisimgeukie mwenye nchi ilivunwa kama hazina ya askari, jambo ambalo waliolibuni hawakuwa wamelipangia. Askari hao walitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya kwenda Kampala, nyuma ya mizinga na makombora ya kurushwa kwa mfululizo ambayo Waganda waliyapa jina la Saba Saba.

La pili, na lenye kufundisha zaidi, ni mashaka ya Dar es Salaam kuhusu kuuingia mji mkuu wa nchi nyingine. Serikali iliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika uukemee uvamizi na kumtaka Amin aikane madai yake ya ardhi na kulipa fidia, na Umoja ulipojitia hamnazo na kuhimiza usuluhishi tu, majeshi yalivuka Mutukula mwezi Januari 1979 na kufika Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari. Mpango uliopendelewa ulikuwa Waganda wenyewe waikamilishe kazi, ili asije mtu akasema kwamba Tanzania imeivunja ile sheria ya Cairo iliyoileta yenyewe. Mapigano ya Lukaya ya tarehe 10 na 11 Machi, ambapo majeshi ya Libya yaliyokuja kumwokoa Amin yaliwatimua askari wa mbele kabla ya kupigwa siku ya pili, yaliweka wazi kwamba vikosi vya wakimbizi havikuwa na ubavu huo. Haraka ukaitishwa mkutano wa Moshi, tarehe 24 hadi 26 Machi, uliounda chombo cha kisiasa cha Waganda chini ya Yusuf Lule. Kwa maneno mengine, serikali mpya ilitafutwa kabla ya ile ya zamani kuanguka, na sababu ya hilo haikuwa ya kijeshi.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko katika barabara moja. Tanzania ilipoizunguka Kampala mwanzoni mwa Aprili, ilikuwa na uwezo wa kuifunga njia ya mashariki ya kwenda Jinja na kuwanasa Walibya waliobaki, lakini njia hiyo iliachwa wazi kwa makusudi ili waondoke, maana Nyerere hakutaka vita vya kumwondoa nduli vigeuke uhasama wa Waarabu na Waafrika. Ofisa yeyote wa chuo cha kijeshi angeihesabu barabara hiyo kuwa kosa, kwa kuwa adui anayeachiwa njia huishi kupigana siku nyingine. Hesabu ya utamaduni wa kimkakati ilikuwa nyingine: ilizingatia mkutano ujao wa Afrika kama ilivyouzingatia uwanja wa mapambano wa siku hiyo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni askari walikuwa wamefika mpaka wa Sudan na Zaire.

Picha hiyo isitiwe chumvi. Mutukula ya upande wa Uganda ilibomolewa na raia wake wakauawa kwa kisasi cha yaliyotendwa Kagera, jambo lililomkasirisha Amiri Jeshi Mkuu kiasi cha kutoa amri kwamba raia wasiguswe, na Masaka ilivunjwavunjwa kwa mizinga na baruti. Jeshi lililofundishwa siasa kwa miaka 14 lilifanya yale ambayo majeshi yasiyofundishwa hufanya. Hapa maonyo ya Johnston yanarudi: utamaduni wa kimkakati wa viongozi haushuki wenyewe mpaka kwa askari aliyeona kijiji cha kwao kimechomwa. Na wakubwa wa Afrika hawakupiga makofi. Katika mkutano wa Monrovia wa mwezi Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi kwa kuingilia mambo ya nchi nyingine, na gharama za vita, zinazokadiriwa kufika dola za Marekani milioni 500, zikabaki juu ya nchi ambayo Nyerere aliiomba ifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilirefuka mno, kama anavyojua kila aliyepanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Majeshi ya mwisho yaliondoka Uganda mwaka 1981, baada ya Kampala kubadilisha marais mara kadhaa yakiwa huko huko.

Kumbukumbu ya deni hilo, zaidi ya kumbukumbu ya ushindi, ndiyo iliyoutengeneza utamaduni wa kimkakati wa kizazi kilichofuata. Tanzania haikuacha kupeleka askari nje, na katika miaka ya 1980 walikuwepo Ushelisheli na Msumbiji, lakini tangu vita baridi kwisha mara nyingi imevuka mpaka ikiwa na karatasi ya taasisi fulani mkononi. Mwezi Machi 2008, Jakaya Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, askari wa Tanzania pamoja na wa Sudan walilisaidia jeshi la Komoro kukirudisha kisiwa cha Anjouan na kumfanya kiongozi wake muasi, Mohamed Bacar, akimbilie Mayotte, kazi iliyokwisha kwa muda mfupi mno na kusifiwa kupita kiasi. Mwaka 2013, baada ya Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilitoa askari wa Brigedi ya Kujibu Mashambulizi huko Kongo, iliyopewa ruhusa isiyo ya kawaida kwa walinda amani ya kuwaendea waasi badala ya kuwangoja, na iliyoongozwa kwanza na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Hata katika wiki hizo za maandalizi ya kupigana, Kikwete aliishauri Rwanda hadharani izungumze na waasi wake wa FDLR, ushauri uliozua ugomvi mkubwa na Kigali. Bunduki na mazungumzo vilikwenda pamoja, kama mwaka 1979. Gharama yake ilionekana tarehe 7 Desemba 2017 huko Semuliki, ambapo askari wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa kwa usiku mmoja.

Nyasa inaukamilisha ulinganisho. Mgogoro na Malawi kuhusu mpaka wa ziwa, unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, una kila kitu ambacho Kagera ilikuwa nacho isipokuwa damu: ardhi, au kwa hakika maji, ramani, fahari ya taifa, na kuanzia mwaka 2012 harufu ya mafuta. Uwezo wa Tanzania dhidi ya Malawi ni mkubwa kuliko ulivyopata kuwa dhidi ya Uganda ya Amin. Lakini shauri lilipelekwa kwa wasuluhishi waliokuwa marais wastaafu, wakiongozwa na Joaquim Chissano, na limekaa huko. Kenya nayo, kwa muda mrefu, ilikuwa na tabia ya kukwepa vita vya nje, hata ikazozana na Uganda kuhusu kisiwa cha Migingo bila kufyatua risasi, kisha mwezi Oktoba 2011 ikaingia Somalia kwa uamuzi wake yenyewe na kutafuta baraka za Umoja wa Afrika baadaye. Utaratibu huo, wa kuingia kwanza na kuomba ruhusa nyuma, Dar es Salaam iliutumia mara moja, ikalipia, na haikuurudia.

Utamaduni huo, hata hivyo, hutazama nje tu, na hapo ndipo uchambuzi mwingi wa Kitanzania unapokuwa na aibu. Masharti yote magumu ya sababu na nia yaliyowekewa mpaka hayakuwekewa kituo cha kupigia kura. Mwezi Januari 2001, vyombo vya dola vilipowapiga risasi waandamanaji wa Pemba na Unguja waliokuwa wakipinga matokeo ya uchaguzi na wengine wengi wakavuka bahari hadi Shimoni nchini Kenya, tume iliyoundwa kuchunguza iliongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, mtu yule yule aliyeiongoza Kamati ya Ukombozi ya Afrika kwa zaidi ya miaka 20. Katiba nayo ina upungufu wa jinsi hiyo: Ibara ya 44 inamtaka Rais anayetangaza hali ya vita apeleke tangazo lake kwa Spika na Bunge likutane katika siku 14, lakini kupeleka vikosi nje bila kutangaza vita, njia ambayo ndiyo inayotumika siku zote sasa, hakumlazimu kupita huko. Nchi iliyojenga jeshi la wananchi imewaachia wananchi nafasi ndogo ya kuuliza jeshi linakwenda wapi.

Swali hilo halijapoa. Mwezi Desemba 2023 Tanzania ilijiunga tena na Afrika Kusini na Malawi katika kikosi cha SADC kilichopelekwa mashariki mwa Kongo dhidi ya M23, waasi wale wale walioshindwa mwaka 2013. Mwezi Januari 2025 waasi hao waliuteka mji wa Goma, mwezi Machi SADC ikakifuta kikosi chake, na kuanzia mwishoni mwa Aprili askari na magari ya kikosi hicho walianza kuondoka kwa misafara ya barabara, wakipita ndani ya Rwanda hadi Tanzania.